Mwalimu Israeli Mwasakyeni na Kiti cha Mkulima

Tarehe 30 Juni 1999 Mwalimu Israeli Mwasakyeni anastaafu, baada ya kutumikia Kituo chetu cha Mafunzo ya Biashara, Ipyana, kwa miaka ishirini na minne. Mimi nafundisha uhasibu katika chumba cha jirani, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba, kwa hiyo masomo yake nayajua karibu kama yangu. Nimeombwa niandike wasifu mfupi wa kuchapwa kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga. Nitajitahidi, ila mtu huyu hafupishiki.

Alikuja mwaka 1975, kijana mwenye baiskeli na suruali pana, kuwafundisha wanachama wa ushirika vijijini. Siku hizo biashara ilikuwa rahisi kuieleza. Bei ilipangwa huko juu, ikaandikwa kwenye ubao wa ghala, na mkulima akaisoma kama asomavyo matangazo ya kanisani. Kisha nyakati zikageuka. Maghala yakafungwa moja baada ya jingine, malori ya watu binafsi yakaanza kushuka kutoka Mbeya, na chuo kikuu kikawa kinatuletea wanafunzi wake kila Mei wajionee soko huria ni kitu gani. Mwalimu Israeli akakabidhiwa hao vijana.

Mwaka 1988 alirudi kutoka kozi moja Moshi akiwa na mchezo. Wanafunzi wanagawanywa katika kampuni nne zinazoshindania soko moja. Kila kampuni inaamua inunue mpunga kwa bei gani, ikoboe kiasi gani, iuze wapi, na matokeo yanatangazwa kabla ya msimu mwingine wa mchezo kuanza. Fedha yao ilikuwa punje kavu za kakao. Mwaka mmoja panya waliingia wakala mtaji wote wa kampuni iliyokuwa inaongoza. Vijana walilia wafidiwe, Mwalimu akaamua kwamba hasara ni hasara, na panya naye ni mshindani.

Kabla ya kila msimu aliwaambia wafumbe macho na kuiota kampuni yao: nani anafungua mlango asubuhi, mashine inalia vipi, pumba zinanukaje. Chumba kilitulia tuli. Nje ukungu ulikuwa unateremka polepole kutoka milima ya Livingstone, na mbali juu ya ziwa makundi ya wadudu yakipanda kama moshi wa jikoni. Sisi tuliopita barazani tulidhani darasa zima limelala. Wengine walikuwa wamelala kweli, na Mwalimu mwenyewe nilimkuta hivyo zaidi ya mara moja.

Kwa kuwa chumba ni kidogo, ubao wa bei ulitundikwa barazani, unatazama barabara ya Ngonga. Mei 1993 kampuni ya Wilson na ile ya Tumaini zilishindana mpaka wenyewe wakaacha kusalimiana. Kila moja ilipandisha bei ya mpunga ili mwenzake akose, na mpunga wenyewe ulikuwa kadi ndani ya boksi la viatu. Bei ikafika karibu mara mbili ya ile ya malori. Wakaiandika ubaoni kwa chaki, wakaenda kula.

Wapita njia wakaisoma. Kwa nini wasiiamini? Maisha yao yote bei ilikuwa ile iliyoandikwa ubaoni. Habari ikafika Ngonga, na wakulima wakawakatalia wenye malori, nao wakawasha magari wakaenda kununua kwingine. Asubuhi moja tukasikia kengele za baiskeli, na tulipotoka tukakuta baraza imejaa magunia.

Mbele alisimama Tusekile, mama mjane wa Ngonga. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na inavuja, na mpunga ule ndio uliotarajiwa kuwa bati. Penye paa linalovuja mpunga hausubiri. Mvua mbili tu, unaanza kuota. Alitusalimu, “Mugonile,” akauliza malipo yanatolewa dirisha gani. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba ile ilikuwa bei ya mchezo. Tusekile akazitazama punje za kakao mezani, kisha akawatazama vijana.

“Kumbe mnacheza na mpunga wetu, Mwalimu,” akasema. “Mbona sisi hamkutuita?”

Hakuna aliyecheka. Nami niliyekuwa nimesimama mlangoni kwangu niliona aibu.

Nilidhani Mwalimu atakaa chini ashike kichwa. Badala yake alianza kutoa madawati nje na kuingiza magunia ndani, na mchana huo mvua ikashuka. Kwa siku kadhaa darasa likawa ghala. Wanafunzi walisoma wameketi juu ya magunia, na harufu ya mpunga mpya ikajaa kituo kizima, hata mimi nikawa nafundisha mizania huku naota wali na samaki. Mkuu wetu, Bwana Zebedayo, alisema mchezo huo ufe kabisa, na haki alikuwa nayo. Wilson na Tumaini wakapanda gari moja kwenda Mbeya kutafuta mnunuzi, wakarudi na lori. Bei haikuwa ile ya ubaoni, lakini iliipita ya wale walioondoka. Tusekile alipata bati za upande mmoja wa paa. Upande wa pili ulibaki nyasi mpaka msimu uliofuata, na Mwalimu kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwake kulitazama.

Bwana Zebedayo alipokubali mchezo urudi, ulirudi na kiti cha ziada. “Asiyekuwepo na lake halipo,” Mwalimu aliwaambia vijana, akakiweka katikati ya kampuni nne. Kikawa kiti cha mkulima, na sheria ikawa kwamba bei si bei mpaka aliyekikalia aikubali. Wa kwanza kukikalia alikuwa Tusekile, na mkeka anaousuka mapajani. Kampuni ya kwanza ikataja bei. “Bado,” akasema. Ya pili ikataja yake. “Bado.” Hadi jioni kampuni zote nne zilikuwa hazina mpunga, zikafilisika kwa pamoja, na Mwalimu akawa anatabasamu dirishani. Wanafunzi wetu ambao leo wako kwenye mabenki na makampuni wakituandikia, hawaulizi habari za mizania yangu. Wanaulizia ile “bado”.

Tusekile alikikalia kila Mei mpaka mwaka juzi, alipohamia kwa binti yake Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Tangu hapo kiti kiko tupu.

Sasa Agosti tunaletewa kompyuta yenye mchezo uliotengenezwa mbali. Nimeuona, una kasi, unapendeza, na panya hawauli. Ila humo mpunga unapatikana kwa kubonyeza, na haujawahi kumkatalia mtu. Mwalimu hakuipinga kompyuta. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, godoro au redio, aliomba jambo moja tu: kiti kisiondolewe. Tangu siku hiyo sijamwona akiota dirishani. Anatembea kama mtahiniwa anayesubiri matokeo, na kumwona hivyo kumeniuma.

Bwana Zebedayo ameniruhusu nimjibu hapa, kwa sababu wote tunajua kwamba Mwalimu huimaliza ratiba kuisoma kabla ya sala ya kufungua.

Mwalimu, kiti kinabaki, kando ya kompyuta, na sheria yake ni ileile. Na kwa kuwa kuanzia Julai wewe ni mkulima wa mpunga Ngonga kama wakulima wengine, atakayekikalia ni wewe.

Ndaga fijo, asante sana, kwa miaka yote hii, kwa mchezo, na kwa kutufundisha kufumba macho. Tunakuombea shamba lisilokosa maji na usingizi wa mchana usiokatishwa na kengele. Na Mei ijayo, vijana wakikutajia bei, usiwaonee haya.

Sema bado.

Tupokigwe, Idara ya Uhasibu