Mlango wa Bitana

Fungeni mlango huo, vueni hizo nyuso za msiba mlizovaa kabla ya wakati, mkae hapa upande wa dirisha ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo imegoma na pumzi nayo iko njiani kugoma, na ninayo maneno ambayo sitayarudia. Wewe kifungua mimba wangu kaa kwenye kiti. Wewe kitinda mimba kaa kitandani miguuni kwangu, na ufute machozi, unalowesha shuka. Na wewe mkwe wangu, mkewe huyu wa kwenye kiti, usisimame mlangoni kana kwamba umekuja kupima mapazia. Ingia, hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Muuguzi amesema nisiongee sana. Yeye ana miaka mingi mbele yake ya kunyamaza akitaka, mimi niacheni niseme.

Nianze na vitu, kwa sababu najua ndivyo vilivyowaleta mapema. Nyumba hii ni ya wanangu wawili, na asiuze mmoja bila mwenzake kukubali. Cherehani iliyoko chumba cha mbele namwachia binti yangu, ingawa hajui hata kutia uzi kwenye sindano, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiipangusa vumbi. Uliipangusa pale tu nilipokuwa nikitazama, mama, hilo nalijua, lakini kaka yako hakuipangusa hata nikitazama. Nguo zangu zote zifumuliwe, vitambaa wapewe wanaojifunza kazi. Asivae mtu gauni langu akajitazama kwenye kioo akadhani amenirithi.

Sasa lile mnalolingoja. Upande wa Ndani.

Mkwe wangu anakijua kikundi hicho, binti yangu anakijua nusu, na wewe mwanangu ulikishika mikononi bila kujua hata robo yake, kwa hiyo nitasema kama ninayewaambia wageni. Magoti yaliponitoa dukani mjini, sikukubali kukaa barazani nihesabu wapita njia. Nikafungua kikundi kwenye simu, mafundi cherehani wakajiunga kutoka miji ambayo sikuwahi kuikanyaga, wanatoa ada kila mwezi, na wanaitoa, kwa maneno yako mwanangu uliyomwambia rafiki yako ukidhani nimelala, ili watukanwe na bibi kizee. Hawatukanwi. Wanaambiwa. Fundi anashona nguo, anaigeuza, mishono yote wazi, nyuzi zinazoning'inia, viraka vya kufichia makosa, anaipiga picha anaileta, na wenzake wanamwonyesha palipoharibika. Hakuna hongera humo wala maua. Anayetaka kusifiwa aende kwa mama yake, na kama mama yake ni mimi, basi amepotea njia.

Na kuingia si kwa ada peke yake. Anayetaka uanachama ananiletea kwanza picha ya nguo mbovu kuliko zote alizowahi kushona maishani mwake. Si kosa la kifungo. Wako walioniletea kifungo kilichokaa upande, nikawarudisha mpaka wakaleta lile lililowanyima usingizi. Naiweka mbele ya wanachama wote, wanaisema mpaka inabaki uzi, na mtu akistahimili hayo bila kukimbia, huyo ni mwenzetu. Watu wazima wenye maduka makubwa walilia kwenye simu zao. Sikuwapa pole hata mmoja, na ndiyo maana kazi zao leo zinavaliwa.

Lakini wengi wao, baada ya kuingia, hawasemi tena. Hili sikukufundisha, mwanangu, nilidhani mtu aliyesomeshwa kama wewe ataliona mwenyewe. Wanaoongea ni wachache, ni walewale, wanapenda sauti zao. Waliobaki wanasoma. Kuna fundi mmoja wa sare za shule aliyeandika mara moja tu, akauliza namna ya kukaza mfuko, kisha akanyamaza miaka, nikamsahau. Siku aliyonipigia alikuwa ana karakana yake, ana mafundi chini yake, na kila anachowafundisha alikiokota kwetu akiwa kimya. Hao ndio waliokuwa wanakiweka kikundi hai, kwa ada zao na kwa macho yao.

Nikapelekwa hospitali kufunguliwa tumbo, nikakuachia simu. Nilikuamini kwa sababu unaongoza watu ofisini, nikadhani anayeongoza watu anajua watu. Nilipozinduka, kabla sijaulizia maji nikaulizia simu, na nikaona nini? Maua. Kila asubuhi maua, na chini yake umeandika, amkeni familia yangu nzuri. Ukaweka amri kwamba kabla ya kumkosoa mtu lazima kwanza utaje mazuri matatu. Nguo imeshonwa mkono wa kulia begani kushoto, watu wanahangaika kutafuta mazuri matatu. Yule mzee fundi wa suti, mwenye hasira zake, ambaye peke yake alikuwa akinipa changamoto, aliandika, "Mama akipona mwambieni anitafute, hapa pamegeuka kuwa harusini," akaondoka zake.

Hayo ningekusamehe. Maua yanafutika. Lakini ukatangaza kwamba asiyeongea mpaka Ijumaa ataondolewa, eti unataka familia iliyo hai, na Ijumaa ilipofika ukakaa kwenye kochi langu ukawaondoa mmoja baada ya mwingine. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, hao ni wafu, wanajaza nafasi tu." Wafu. Ulilisema hilo umesimama mbele ya mwanamke aliyewekewa mirija puani. Mkeo ndiye aliyeniambia habari hizo, wewe ulikuwa bado unajipongeza.

Mmoja wa wafu hao alikuwa mama yako mdogo.

Ndiyo, mdogo wangu wa tumbo moja, yule mnayemjua kwa picha moja na kwa jinsi mazungumzo yanavyokatika akitajwa. Sikilizeni sasa, mlisikie kwangu na si kwa mashangazi. Yeye naye ni fundi, tulijifunza kwenye cherehani moja, na ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Asubuhi ile nikalivaa, nikajitazama, kola imepinda. Nikalivua mbele ya wanawake wote waliojaa chumbani, nikaolewa na gauni la kuazima. Hakuniita dada tena tangu siku hiyo. Watu wamenifuata miaka na miaka nimwombe radhi. Kwa lipi? Kola ilikuwa imepinda. Nimekwisha, mguu mmoja uko kaburini, na bado nawaambia ilikuwa imepinda.

Kisha, kikundi kikiwa bado kichanga, akaja mtu anayejiita Bitana, kama kile kitambaa cha ndani ya nguo, anaomba kuingia. Hakuandika salamu wala maelezo, alileta picha tu ya nguo yake mbovu kuliko zote. Lilikuwa gauni langu. Amelitunza miaka yote ile, limekuwa la njano makwapani, ameligeuza upande wa ndani uonekane, na kola hajainyoosha. Fundi mzuri kama yeye angeinyoosha kwa dakika chache. Aliiacha hivyohivyo, akanipigia picha akaniletea.

Hiyo ndiyo picha pekee ambayo sikuiweka mbele ya wanachama. Nilifungua mlango akaingia, hakusema neno, nami sikusema neno. Tangu hapo, kila nilichoandika nilikuwa nangoja ile alama ya kuonyesha kwamba Bitana amesoma, na kabla sijaiona siweki simu chini. Nikimsema mtu juu ya kola, namsema vizuri zaidi, maana najua nani anasikiliza. Hatukuonana, hatukupigiana, hatukuzika hata wazazi wetu pamoja. Lakini tulikaa chumba kimoja kila siku, na hivyo ndivyo nilivyompenda ndugu yangu, na yeye akanipenda hivyo, na ilitutosha.

Wewe ukabonyeza. Na kwake yeye, mwanangu, hakuna jina lako popote, kwake imeandikwa kwamba msimamizi amemwondoa, na msimamizi ni mimi. Dada yake amemvua tena mbele ya watu. Nilimpelekea mwaliko siku ileile niliyoweza kushika simu. Ameusoma, alama ipo, na hajaja. Binti yangu alimpigia, akasikia jina langu akakata. Wewe ukaniambia pole. Niliisikia pole yako, ilikuwa fupi na imepigwa pasi vizuri.

Nipandisheni mto kidogo. Hapo, basi.

Kikundi si chako. Usifungue mdomo, najua ulishawaambia wenzako ofisini namna utakavyokikuza. Utakuwa mwanachama, na utaingia kwa mlango wa wote. Hushoni, kwa hiyo utaandika kile ulichokifanya Ijumaa ile, bila kutia chumvi na bila kupunguza, na mkeo atakiweka mbele yao wakuseme mpaka uishe. Hutajibu. Ukijibu neno moja mkeo akutoe, na nyumba yako itulie au isitulie, hilo mtajuana wenyewe. Wakishamaliza utakaa humo kimya, utasoma kila siku, utaona ni wafu wa namna gani wanaosoma.

Wewe binti yangu una moyo mwepesi na maneno laini, unampaka kila mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, ukikabidhiwa wewe patakuwa mahali pa kubembelezana kabla mwezi haujaisha. Sauti yako hiyo ipate kazi inayoifaa. Utawapigia wote walioondolewa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Usiwaombe radhi kwa niaba yangu. Waambie mlango uko wazi, ukate simu.

Mkwe wangu, sogea. Neno la siri nimeshakunong'oneza asubuhi ulipokuwa unanigeuza ubavu, na umelishika, kwa sababu umekaa siku nzima bila kumwambia mumeo. Kikundi ni chako. Usitabasamu, sikupi kwa kipaji. Huna kipaji. Mkono wako mzito, na zipu zako zote zinavimba. Uliingia kwa jina la uongo ukaleta lile gauni la kijani, ukadhani sikutambui, na kochi lililoonekana nyuma ya picha ni hilo ninalolikalia mchana. Nilikusema siku ile mpaka nikakusikia unalia chumba cha pili. Kisha ukatoka, ukanipikia, hukunizidishia hata chumvi, ukarudi ukakaa ukalifumua gauni lote. Nimewafundisha watu wengi na sijaona ngozi ngumu hivyo. Lakini ulimwona mumeo akiwaondoa watu ukanyamaza, ukaja kuniambia mambo yameshaharibika. Nalo nimeliona. Siku nyingine mshike mkono.

Mazuri matatu yafutwe. Maua yakirudi, anayeyaleta aonywe mara moja. Mzee wa suti mrudishe hata kwa kumchokoza, sema zipu yako ni nzuri kuliko zake, atakuja mbio. Nitakapokuwa nimekwenda, wanachama watataka kulia humo. Usiwaruhusu. Nguo ya kunizika iko sanduku la juu, nimeishona mwenyewe vidole vikiwa bado vinasikia. Igeuze, uipige picha, uwawekee waiseme. Makosa yapo. Wasipoyaona, watakuwa wamenionea huruma, na hapo utajua kikundi kimeanza kuoza.

Maji. Kidogo tu, usinizamishe.

Na mlango wa Bitana... usifungwe. Hata ikipita miaka. Akiingia, asimkaribishe mtu. Usimwambie wewe ni nani, usimwite mama mdogo, usimuulize habari za afya. Ukimgusa ataondoka. Mwache asome. Na ukiona mtu ameandika juu ya kola... mseme vizuri.

Njooni karibu, siwaoni. Wanangu, nimewasema maisha yenu yote, hamkuwahi kuniuliza kwa nini watu wa mbali wanalipia kile mnachopewa bure. Mungu awape macho ya kuona kazi za mikono yenu kwa ndani. Awape watoto wasioogopa kuwaambia ukweli. Na wewe mwanangu, Mungu akupe... akupe ukimya, uuzoee, ukufae. Ninakupenda. Nimesema, sirudii.

Simu iko wapi? Binti yangu, ishike. Nitazamie... huko kwa wanachama. Tafuta Bitana.

Amerudi?

Umesema ndiyo haraka mno, mama. Hata hukutazama. Mpe wifi yako.

Mkwe wangu. Tazama vizuri. Usininyooshee.

Yupo?

Umesema hapana.

Haya. Ahsante. Ndiyo maana nimekupa wewe.