Kabati la Mwalimu Romana na Kustaafu kwa Baba Séverine

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wa karakana yetu ya samani hapa Nsemulwa, Mpanda, wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi Julai, chai ya saa nne itanywewa ikiwa bado ya moto. Wenye ndimi laini wajiandae.

Sababu ni moja. Ndugu Callixte Nzeyimana, Baba Séverine, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, na katika miaka hiyo hajawahi kumaliza kikombe akiwa amekaa. Akipiga mafunda mawili anakumbuka kitu, anainuka, nasi tunainuka nyuma yake na chapati mkononi.

Alitoka Mishamo akaanza kwa kupiga randa mbao za madawati, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa makabati. Kutulia hajajifunza. Kwenye harusi ya mwenzetu Gideon, keki ilipokuwa inakatwa, yeye alikuwa chini ya meza ya maharusi na bisibisi, maana mguu mmoja wa meza ulikuwa unamkera.

Sifa yake kubwa ni kabati la nguo la vipande: unaanza na kimoja, familia ikikua unaunganisha kingine ubavuni. Kwa hiyo sheria yake haina mjadala: ubavu wa mwisho unafungwa kwa skrubu tu, gundi marufuku. Husema kwamba nyie watu wa Mpanda mnajenga vyumba viwili na kuacha matofali yamechomoza kwa ajili ya cha tatu, basi na kabati liachiwe nafasi yake. Kuanzia Sibwesa hadi Kapalamsenga yapo makabati aliyoyaongeza mara mbili, mara tatu, bila kuvunja kilichosimama. Jina lake lote linaishi kwenye ahadi hiyo.

Ndiyo maana kazi ya mwezi uliopita ilitunyima raha. Mwalimu Romana, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa anamleta mama yake aje kuishi naye, akaomba kabati lake la vipande viwili liongezwe cha tatu. Tulikwenda wawili, Callixte na mimi. Skrubu zilitoka zote, ubavu ukagoma. Akagonga, akazunguka, akatoka nje, akarudi. Mama alikuwa anafika Jumamosi, na majirani walikuwa wameshasogea mlangoni, mmoja akiuliza kama haya ndiyo yale makabati yanayoongezeka.

Mnaijua habari iliyofika karakanani. Callixte alimwambia Mwalimu kwamba kosa ni lake, alitumia mbao ambazo hazijakauka, zikapinda zikabanana. Akaukata ubavu kwa msumeno, akatengeneza mwingine kwa mninga aliojiwekea kwa ajili ya mlango wa mbele wa nyumba anayoijenga Mishamo. Ijumaa kipande cha tatu kikasimama. Tangu hapo tunamtania kwa kumwita fundi wa mbao mbichi, naye anacheka, anainuka.

Baba Séverine, asante kwa kutusimamisha. Uende na afya, na huko nyumbani usikose kiti kinachoyumba, usije ukaugua kwa kukaa bure.

Ila kabla hamjapiga makofi, ukweli wenyewe ni huu. Kabati lile nililifunga mimi, Benedikto, miaka mitano iliyopita. Lilikuwa linayumba kwenye sakafu ya Mwalimu. Badala ya kuweka kabari chini ya mguu, nikatia gundi ubavuni, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira. Callixte aliiona alipoinua kona kwa patasi. Gundi naipaka kwa kidole, na hapa hakuna fundi mwingine anayepaka hivyo. Alinitazama mara moja, akamgeukia Mwalimu, akajitwisha kosa. Nikamshikia ubavu akate. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu, nikawa nacheka na nyie.

Mwalimu Romana, najua upo ukumbini. Mbao zilikuwa kavu.