Bwana Anataka Watu wa Maji

Jumanne ya tarehe 12 Mei 1908, saa nne asubuhi, Swalehe alifika kijiweni na habari iliyomkausha midomo: Mzungu mpya aliyeshukia boma la Songea anatafuta watu wa maji. Kijiwe chenyewe kilikuwa gogo moja mbele ya duka la Mhindi, boriti iliyookolewa katika nyumba iliyochomwa wakati wa vita. Ncha yake moja ilikuwa mkaa mpaka leo, kwa hiyo walibanana upande mmoja ili wasichafue nguo. Mzee Chande, ambaye wote walimwita Kilwa kwa kuwa ndiko alikotoka na misafara, aliuza kahawa hapo kila asubuhi. Tangu vita viishe, neno maji halikutamkwa kwenye gogo lile. Aliyetaka kusukutua baada ya kahawa aliomba “ile baridi”, na Chande alimpa. Mjini mle mle watu walikuwa wamenyongwa kwa ajili ya neno hilo, jina la dawa ya vita iliyoaminiwa kuzuia risasi za Wajerumani.

— Umesikia vibaya, alisema Romwaldi, aliyefundisha katekisimu na kwa hiyo aliitwa Mwalimu hata na Waislamu.

— Mimi napeleka barua za boma, Mwalimu. Masikio ndiyo kazi yangu. Kasema “watu wa maji”, na mkewe kasimama pembeni anacheka.

— Labda anatania.

— Mwambie mpishi wake. Kaacha sufuria motoni, saa hizi yuko njia ya Mpitimbi.

Biasha, aliyeuza mihogo ya kuchemsha kando ya gogo, aliuliza Mzungu huyo amekuja kufanya nini hasa. Swalehe alimweleza, akipunguza sauti kila mpita njia alipokaribia. Mizigo ile mirefu iliyoingia juzi kutoka Kilwa ilikuwa vipande vya mashua ya chuma. Wapagazi wangevibeba mpaka Ziwa Nyasa, waviunge, wasimamishe mlingoti, kisha Bwana na Bibi waende kwa tanga wakiambaa pwani ya ziwa. Wangeshuka, wakae na watu, watazame wanavyoishi, halafu wasonge mbele. Hawakubeba bidhaa. Hawakuwa wamisionari, na askari wao walikuwa wawili tu.

— Sasa wanatafuta nini? aliuliza Chande.

— Wanatembea.

— Mtu hatembei na nyumba ya chuma vichwani mwa watu, bwana wee.

Biasha alitua ungo wake chini. Kila mtu kijiweni alijua habari za binti yake, Mwanaisha. Maghala yalipochomwa vitani na maziwa yakamkauka kifuani, Biasha alimkabidhi mtoto kwa mwanamke wa Kinyasa aliyekuja na samaki wakavu, mwenye mtoto wake mgongoni na maziwa ya kutosha wawili. Waliagana amrejeshe mvua zikirudi. Mvua zilirudi, mwanamke hakuonekana tena. Biasha hakujua jina la kijiji chake, ila kwamba kiko ufukweni. Alishauliza kila msafara. Wote walimjibu jambo moja: vijiji vile vimetawanyika, milima inateremka mpaka ziwani, njia ya miguu hukatika, na meli ya serikali hupita mbali bila kusimama.

— Mashua hiyo itasimama kila kijiji? aliuliza.

Swalehe alikuwa ameshageukia wenzake. Kwa maoni yake, Mzungu alitumwa kuhesabu mitumbwi. Ikishahesabiwa, kila samaki atalipiwa kodi, dagaa wakipimwa kwa kibaba.

— Nimeuliza kama itasimama kila kijiji.

Romwaldi alimwomba Biasha awe na subira kidogo, jambo hili lina undani. Yeye alikuwa amesikia kwamba Ulaya mtu wa ukoo mkubwa akikosa hafungwi gerezani, huamriwa kuishi chomboni. Anaruhusiwa kushuka kula, asizoee mahali. Hiyo ilieleza kwa nini hana bidhaa. Ilieleza hata mke, ambaye bila shaka ndiye kosa lenyewe.

Chande aliwacheka wote wawili. Alikuwa ameona chupa tupu katika mizigo ile, zimefungwa kwa majani makavu. Akainama, akawaambia kwa kunong’ona kwamba Wajerumani wameifukuza ile dawa kutoka mto hadi mto, na sasa wanajua imejificha ziwani. Watajaza chupa, wakapigane na Waingereza.

— Lakini kwetu haikuzuia risasi, Kilwa, alisema Swalehe.

— Kwetu ilikuwa haba. Wao watachukua ziwa zima. Ndiyo maana ana kamba ya kupimia kina.

— Ziwa zima watalipeleka wapi?

— Berlini kuna nafasi.

— Nyie watu, alisema Biasha, nimeuliza neno moja. Moja tu. Mnanijibu Berlini.

Wakati huo alifika mwanamume mrefu mwenye sugu ya mzigo begani. Akasalimia, akamwamkia Chande shikamoo, akakaa palepale penye mkaa.

— Nipe kahawa, mzee. Na maji kidogo.

Wote waligeuka kutazama boma. Chande alimpa kikombe kwa mikono miwili, haraka.

Alijitambulisha kuwa Daimu, mnyapara wa wapagazi wa mashua. Walipomuuliza kuhusu watu wa maji, alifuta uso kwa kiganja. Kiswahili Bwana alijifunza melini akija, alisema, na neno baharia hakulipata. Alitaka watu wa kupiga makasia, basi. Tangu alfajiri wamemtafutia, na kila mlango ulifungwa.

— Na nia yake? aliuliza Swalehe.

— Hana. Kwao ndiyo starehe.

Romwaldi alisema hilo haliwezekani. Swalehe akamwambia Daimu amedanganywa. Biasha aliwakata kauli.

— Atasimama kila kijiji?

— Kila kijiji, dada. Hata penye nyumba mbili. Atatuua kwa kusimama.

— Nitakuja. Najua kupika.

— Bibi anataka pia wa kumfulia.

— Nitafua.

Chande alimkumbusha kwamba hana ndugu kule. Romwaldi alisema vita vimeisha juzi tu, na mwanamke haendi ziwani na wapagazi. Biasha alimweleza Daimu habari ya mtoto, kwa ufupi, na Daimu alisikiliza mpaka mwisho.

— Ulipomtoa alikuwa na umri gani?

— Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama.

— Ana alama? Kovu?

— Hana.

— Na jina watakuwa wamempa lao. Sasa utamjuaje?

Biasha aliokota ungo wake, akaenda zake, mihogo ikiwa bado imejaa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Tabu, mke wa Chande, akaazima kioo. Alitoka nacho uani penye mwanga. Akatazama alichoweza kumrithisha mtoto: paji la uso, nyusi, pengo kati ya meno ya mbele. Akavuta sikio la kushoto, lililochomoza kidogo kuliko la kulia. Akageuza uso, akautazama kwa upande, polepole, kama anayejifunza njia ya kijiji asichokijua. Akamrudishia Tabu kioo, akajitwika furushi lake, akaenda bomani.