Kumuaga Bi. Loveth, Aliyenifundisha Kujisifu Mtandaoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi, Baba Paroko, waheshimiwa madiwani, wakuu wa idara, ndugu zangu wafanyabiashara mlioshuka milima kutoka Mbinga mjini, Ruanda na Mkumbi, nanyi wa Liparamba mliotangulia kufika kuliko wenyeji, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na wewe Bi. Loveth, Afisa Biashara wetu, uliyewekewa kiti cha mbele ukaenda kujibanza pembeni, mwanangu, leo hujifichi.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Nimemwitikia, "Sawa, baba," kwa adabu zote. Naona mnaonijua mmeshacheka, basi kaeni vizuri.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Vitalia, mjane wa marehemu Bernadi, mwenye ile nyumba ya kulala wageni ya vyumba sita hapo chini karibu na bandari. Baba Paroko, usinitazame hivyo, wageni wangu wanalala kweli. Enzi za Bernadi hatukuhitaji tangazo, maana yeye mwenyewe alisimama stendi akimpokea kila anayeshuka, anamchukulia begi, anamuuliza habari za kwao, na mtu anajikuta yuko mezani kwetu anakula samaki kabla hajakumbuka alikuwa anakwenda wapi. Mungu alipomchukua, wageni nao wakakatika. Nani angejua tupo?

Ukoo ukakaa kikao. Shemeji yangu Othmar, yule pale mwenye kofia, mnunuzi mkubwa wa usipa, hao dagaa wetu wa Nyasa, akasema kwa upole, "Shemeji, nyumba isiyo na watu hubomoka. Tuigeuze stoo ya usipa. Wewe utakuja kukaa kwetu." Wazee wakaafiki, nikapewa mpaka Pasaka. Jamani, usipa ni mtamu, umenilea na kunikuza. Lakini hebu fikirini, chumba ulichoishi na mumeo kinajazwa magunia ya samaki wakavu, na wewe uko ugenini uzeeni unaomba chumvi kwa wakwe! Nililia sana. Nilipomaliza kulia nikasikia kwamba siku hizi wageni wanatafuta malazi kwenye simu, nikasema basi nami nitakuwa na tovuti.

Aliyenisaidia kuandika ni jirani yangu, Mwalimu Tarsisi, mstaafu, yuko hapa na ananikunjia uso. Mwalimu, tulikosea wote, tulia. Sisi tulijiuliza swali la haki kabisa: mtu anaingia kwenye nyumba ya watu bila hodi? Anaanza kutaja bei kabla ya kusalimia? Kwa hiyo ukurasa wetu wa kwanza ulianza hivi: "Kwa heshima na taadhima tunamsalimu Mhashamu Baba Askofu, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, viongozi wa dini zote, vyama vyote na wazee wa mila. Shikamooni." Ikafuata historia ya ukoo tangu babu zetu walipofika ziwani. Zikafuata shukrani. Picha tuliyoweka ilikuwa ya kamati ya mazishi ya Bernadi, kwa sababu ndiyo pekee ambayo watu wote walikuwa wamevaa vizuri. Na chini kabisa, kwa kuwa kujisifu ni aibu, tukamalizia: "Tuna kijumba kidogo tu, si kitu, mkijaliwa karibuni."

Je, simu hazikuja? Zilikuja! Mama mmoja wa Songea alitaka kujua Mhashamu atatoa kipaimara lini. Bwana mmoja wa Dodoma aliomba nimwandikie risala ya mkuu wa shule anayestaafu. Nikamwambia, "Baba, mimi nina vyumba." Akajibu, "Vyumba sihitaji mama, lakini salamu zako zimepangika sana." Nikamwandikia, nitafanyaje? Wa kulala, hakuna hata mmoja. Na Shemeji Othmar akipita barabarani anasimama kidogo, anaangalia nyumba, anatikisa kichwa.

Ndipo akaja binti huyu. Alikuwa amehamia kutoka Bukoba, hajui hata njia ya sokoni, anapita duka kwa duka kuuliza biashara zinaendaje. Nikamwonyesha tovuti yangu nikitegemea pongezi. Akaisoma yote, nampa heshima yake, mpaka babu zetu. Kisha akauliza, "Mama, mgeni yuko Songea, kesho anakuja huku, ameshika simu. Anaandika nini ili apate pa kulala?"

Nikasema, "Anaanza na salamu."

"Hapana, mama. Anaandika 'nyumba ya wageni Mbamba Bay karibu na ziwa'. Haya, nionyeshe maneno hayo kwenye ukurasa wako."

Tukatafuta. Ndugu zangu, neno "ziwa" lilikuwepo mara moja, pale babu alipolivuka. Neno "kitanda" halikuwepo kabisa! Akaniambia, "Mama, Google si mgeni rasmi. Ni dalali. Dalali humwamkii, unamwambia una nini, kiko wapi na simu yako ni ipi, ili mteja akiuliza akutaje wewe." Mimi nikamwambia wazi kwamba huko kwao Kagera watu wanajisifu tangu tumboni, ila huku kwetu mama akisema chakula chake ni kitamu, majirani wanauliza ameanza lini kuumwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, "Basi usijisifu. Sema ukweli tu. Samaki wako ni mtamu au si mtamu?" Nikasema, "Ni mtamu." "Andika."

Niliandika huku nikiona aibu, kama mtu aliyekwenda sokoni akasahau khanga. "Nyumba ya wageni Mbamba Bay, karibu na ziwa na bandari. Vyumba sita safi, choo na bafu ndani, maji ya moto. Samaki mbasa wa kukaanga." Picha ya mazishi ikatoka, ikaingia picha ya chumba kilichotandikwa, dirisha wazi, ziwa linaonekana. Salamu tukazihamishia ukurasa wa mwisho, kwa heshima ya Mwalimu Tarsisi.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Aliponiambia niweke alama ya nyumba kwenye ramani, niligusa ziwa, kwa sababu ndilo ninaloliona nikiwa mlangoni. Mgeni wangu wa kwanza, muuguzi anayehamia, alinipigia simu kutoka ufukweni: "Mama, viatu vimelowa na ramani inasema bado niende mbele. Mnatumia mtumbwi?" Bi. Loveth aliposema wageni waandike maoni yao kwa nyota, nikatangaza kwenye jumuiya yetu ya kusali. Jioni ile ile Mama Edina na wanajumuiya wote wakaninyeshea nyota tano tano, kila mmoja na maneno yale yale: "Tumsifu Yesu Kristo, nyumba nzuri, tumwombee marehemu." Bi. Loveth akaja amefura. "Mama, hawa wamelala kwako?" Nikasema hawajalala, ila wananipenda. Akasema, "Mtu akigundua udanganyifu huu hataamini hata samaki wako. Waambie wafute." Wakafuta mmoja mmoja, wengine wakininunia mpaka leo. Akaniwekea sharti: anayeandika ni aliyelala, na asifundishwe cha kusema.

Na hata hapo wageni hawakuja kesho yake. Wamatengo mlioko hapa, ninyi mnaochimba ngolo, yale mashimo ya kulimia milimani, mnajua, hakuna anayechimba shimo leo akavuna kesho. Kwaresima ikaanza, kimya. Nikafunga, nikasali, nikafuta vumbi vyumbani, vumbi likarudi. Kila wiki Bi. Loveth alipita, tukabadilisha sentensi mbili, tukajibu swali la mtu, tukaongeza picha. Siku moja nikamgombeza, nikamwambia amenivua adabu yangu bure. Hakunijibu kwa ukali. Alikaa akanywa uji, akasema, "Tuongeze na habari za basi linafika saa ngapi, mama. Wengi wanauliza hilo."

Basi hilo! Sentensi ya basi ndiyo iliyofungua mlango. Wakaja wanunuzi wa kahawa, wakaja walimu wa kusimamia mitihani, wakaja Wazungu wawili na baiskeli zao. Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, Shemeji Othmar akaja na futi kamba kupima mahali pa kupanga magunia. Akafungua chumba namba tatu bila hodi, akamkuta mwalimu wa hesabu amejifunga taulo. Akafungua namba nne, akakuta Mzungu anafua soksi. Alirudi nje na futi kamba yake mkononi, akaniamkia shikamoo, mimi ambaye ni mdogo kwake!

Waheshimiwa viongozi, mnamhamisha binti huyu kwenda mkoa mwingine. Sisi ni raia watiifu, hatupingi. Tunauliza tu kwa unyenyekevu, je, maafisa waliochoka na kazi hawakuwepo, mkawahamisha hao? Wauza kahawa wa Mkumbi wanapatikana kwenye simu kwa sababu yake. Fundi cherehani wa Ruanda anapigiwa na watu asiowajua. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeombwa soda.

Namalizia, mshereheshaji, kaa. Mwezi uliopita Shemeji Othmar alimwoza binti yake, nyumba yake ikajaa wageni, akakosa pa kulala, akaja kwangu usiku mmoja, akalipa kama watu. Leo asubuhi nimekuta maoni mapya, yana jina lake, na sikumfundisha neno. Nayasoma yalivyo:

"Nyota nne. Maji ya moto yapo. Mbasa ni mtamu kweli. Mwenye nyumba anaongea mno. Nikiwa nimelala nilitazama juu nikakumbuka siku kaka yangu Bernadi anaezeka hili paa, mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Nilikuwa nimesahau. Njooni mlale kwa kaka yangu."

Shemeji, toa kofia usoni, sote tunalia, si wewe peke yako. Bi. Loveth, mwanangu, mimi nilikuomba wageni tu, na tazama, ndugu wa mume wangu amerudi nyumbani. Nenda salama, na huko uendako wakusikilize haraka kuliko nilivyokusikiliza mimi.

Asanteni nyote kwa kunitegea masikio.