Kwa Nini Leo Hakuna Keki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu wa homoni za watoto, Mama Kufuli, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Wageni wetu mmeshaona kwamba ukumbi una maua, muziki na viti vilivyovalishwa vitambaa, ila hakuna hata karanga moja. Msiikasirikie kamati. Someni kwanza, kununa baadaye.

Alipoajiriwa alikuwa na miwani mikubwa kuliko uso, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Humo ndimo alimoanzisha kliniki ya watoto wanene. Wengi tulidhani kazi yenyewe ni kuwaambia wazazi wapunguze sukari, basi. Kumbe wapo watoto wachache mno ambao unene wao hautokani na malezi wala uroho: ubongo wenyewe haupati habari kwamba tumbo limejaa. Mtoto anakula, anamaliza, na njaa iko palepale.

Aliyetufundisha hayo pamoja naye ni binti tunayemwita Bi Saa Saba. Aliletwa akiwa na miaka sita, anatembea kwa shida, ametoka kukamatwa jikoni kwa jirani akila unga mbichi. Aliandamana na mama yake, bibi mzaa baba na mashangazi wawili, na hukumu ilikuwa imeshatolewa njiani: mama kamdekeza, kwa hiyo mtoto achukuliwe, akafunzwe adabu kwa bibi. Nguo zake zilikuwa tayari kwenye begi, na begi alilibeba mama mtu, macho mekundu.

Mama Kufuli hakuuliza mtoto anakula nini. Aliuliza alinyonyaje alipozaliwa. Mama akajibu kwamba hakunyonya. Alikuwa mlegevu, hana nguvu hata za kulia, ikabidi amkamulie maziwa na kumnywesha kwa kijiko. Daktari aliruka kitini kwa furaha hadi akaangusha mizani, na bibi akaanza kuutafuta mlango. Damu ilipelekwa kupimwa mbali, ikarudi na jibu alilolitarajia: ugonjwa wa Prader-Willi, wa kuzaliwa nao, usioletwa na sufuria ya mtu yeyote. Akawaita wote tena, akawaeleza, kisha akawakumbusha kwamba mtu wa kuombwa radhi yumo humo humo chumbani. Bibi aliomba. Begi likafunguliwa.

Tiba ilikuwa sindano za homoni ya ukuaji, mazoezi, mlo wa kiasi kwa saa zisizobadilika, na kufuli. Chakula kikifungiwa, alitueleza, mtoto hapigani nacho siku nzima, akili yake inapumzika. Akaanza na kabati letu la chai, kwa kuwa lilitazamana na wodi. Siku aliyosahau ufunguo nyumbani tulishinda na maji ya bomba, mkuu wa hospitali akiwemo. Bingwa wa upasuaji alipekuliwa koti, akanyang'anywa ndizi mbele ya wanafunzi wake.

Lakini mwerevu hajinyoi. Bila kumuuliza mtu, Mama Kufuli alipika gundi ya unga akabandika bango la kuhimiza kula kwa kiasi, ukutani, karibu na kitanda alicholazwa Bi Saa Saba. Kulipokucha bango lilikuwa sakafuni, nyuma yake pameng'aa kama sahani iliyolambwa. Anayekisimulia kisa hiki kwa kicheko kikubwa kuliko sote ni Bi Saa Saba mwenyewe.

Sasa ni mwanamke mzima, fundi cherehani, na vitambaa mlivyokalia kavishona yeye. Ufunguo wa jiko lao anauvaa bibi shingoni, na ole wake achelewe kufungua wakati wa chakula cha mchana: saa saba ni saa saba. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata, nacho ni kukaa kwenye sherehe. Panapoliwa hawezi kutulia, inamtesa. Harusi za mashangazi zote mbili alibaki nyumbani na mama yake, wakisikiliza ngoma kwa mbali.

Kamati ilipomuuliza Mama Kufuli anataka keki ya ghorofa ngapi, naye aliuliza: sasa mwanangu atakaa wapi? Tukaifuta keki. Mpishi wetu alinuna, kisha akajitolea kuongoza muziki.

Kwa hiyo, mwenye biskuti mkobani akaiache kwa mlinzi getini. Sherehe itafungwa saa sita na nusu mchana, na mwenye hotuba ndefu akaimalizie kwao.

Mama Kufuli, asante kwa watoto uliowaamini na akina mama uliowatetea. Tunakupenda, na tutakukosa mno. Nenda salama, ulale hadi jua liingie chumbani, uzeeke taratibu ukicheka. Ufunguo wa kabati tuachie, tumeshakoma. Ila kabla hujaondoka, tazama kiti cha mbele kabisa, katikati. Bi Saa Saba amekuja sherehe, na anakaa hadi mwisho.