Barua ya Mfalme Kichwani pa Don Beltrán

Wasikilizaji wapendwa, hapa Lima leo tunamkumbuka Don Beltrán de Oquina: markizi, yaani kabaila mwenye cheo kikubwa, wa Uhispania, balozi kule Roma, kisha makamu wa mfalme hapa kwetu. Alitutoka miaka mia tatu na ushee iliyopita. Najua, rambirambi zetu zimechelewa kidogo.

Alikuwa mkaidi, jamani! Dada yake, Doña Mencía, aliandika: "Kaka yangu alijua kusema hapana kabla hajajua kusema mama." Kule Roma gari lake la farasi lilikutana na la balozi mwingine kichochoroni. Arudi nyuma? Si ingekuwa mfalme wake ndiye karudi nyuma? Alikaa humo kutwa nzima, akipitishiwa mkate na jibini dirishani.

Basi mkaidi huyo ndiye aliyeletwa Lima. Mwaka wa pili ikaja barua ya mfalme: watu mia nne wa milimani wapelekwe kwenye mgodi wa zebaki. Watu mia nne. Na Don Beltrán alikuwa ameuona mgodi ule. Walioshuka humo walirudi wakitetemeka kwa sumu ya zebaki, meno yakidondoka. Tena hao ndio waliorudi.

Mkewe, Doña Brianda, alimwona akizungukazunguka sebuleni.

"Mume wangu, usiniambie unawaza ninachokiogopa."

"Hichohicho."

"Watakufukuza! Na mimi nimeshaizoea chokoleti ya huku."

"Mimi nikifukuzwa nitapanda meli, nirudi nyumbani. Wale wakishuka shimoni, watarudi wapi?"

Kesho yake, mbele ya majaji, aliibusu barua, akaiweka kichwani kwa heshima zote, akasema: "Natii, ila sitekelezi." Desturi ilimruhusu makamu kuisimamisha amri hivyo. Barua ikarudi kwa mfalme, ikafikiriwe upya. Safari hiyo ilikula mwaka mzima.

Jibu likaja: amri ya mgodi imefutwa. Don Beltrán naye amefutwa kazi.

Kisha, kama kwa kila makamu anayeondoka, mpiga mbiu akatangaza: mwenye lalamiko dhidi yake aje. Akikutwa na hatia, anapoteza mali na jina. Wenye mgodi walikuja mbio, midomo imejaa malalamiko. Siku ya mwisho wakaingia watu wa milimani, wakajaza ukumbi hadi uwanjani.

Jaji akamgeukia mkuu wao, Lázaro Poma. "Na nyinyi mnalalamikia nini?"

"Hatuna lalamiko, mheshimiwa. Tumekuja mtuone tu. Mia nne, wote wazima."

Jaji akafunga kesi. Don Beltrán akapanda meli na jina lake safi.

Kwa ukoo wa Oquina, poleni, na hongereni kwa babu. Na wewe msikilizaji mwenye muhuri mezani, kabla hujaugonga leo, jiulize: unamshusha nani shimoni?