Rra Morapedi na Mlango Uliogoma Uani kwa Selolwane

Ifikapo tarehe 31 Julai, Rra Gaselabone Morapedi, dereva mkuu wa gari la marehemu katika kampuni yetu hapa Mahalapye, atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na moja ya kuwasafirisha watu wasiouliza watafika saa ngapi. Mimi Boikanyo Phuti, ninayeshona bitana za majeneza, nimeombwa niandike machache juu yake kwa ajili ya ratiba ya sherehe ya kumuaga. Nimekaa kiti cha pembeni yake safari nyingi kiasi kwamba mume wangu aliwahi kulalamika. Meneja amesema niwe mfupi. Nitajaribu.

Rra Morapedi ni mzaliwa wa Kalamare. Alichunga ng'ombe wa baba yake, kisha akaendesha lori la saruji, kisha akaja kwetu wakati kampuni ilipokuwa na gari moja tu, lililobeba majeneza Jumamosi na kabichi siku za kazi. Meneja wa sasa hapendi hilo la kabichi likumbushwe, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Rra Morapedi ndiye aliyekuwa akiliosha gari hilo kila Ijumaa mpaka likasahau lilichobeba.

Mwendo wake mnaujua. Punda wa Shoshong walikuwa wakimpita. Kwenye matuta alikuwa na tabia ya kumwarifu abiria wake wa nyuma, awe bwana au bibi: "Samahani Rra, hapa pana tuta," au, "Vumilia Mma, barabara hii hata bunge linaijua." Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani anasema nami, nikamjibu. Akaniambia kwa upole, "Si wewe, Mma Phuti. Wewe unaliona mwenyewe." Na jambo jingine linalonichekesha mpaka leo: mtu aliyewabeba nusu ya watu wa wilaya hii hakuwahi kupata wa kumpa lifti katika pikapu yake mwenyewe. Akisimama kituoni, watu hutazama angani. Mkewe peke yake ndiye hupanda, naye hukaa akiwapungia mkono majirani ili waone kwamba yu hai.

Ningeweza kujaza ukurasa kwa sifa hizo na tukala, tukaondoka. Lakini kuna Ijumaa moja ya Agosti ambayo nadhani ndiyo kazi yake yote, nayo wengi wenu mmeisikia ikisimuliwa vibaya. Nilikuwepo. Nitaisema ilivyokuwa.

Tulikuwa tunampeleka marehemu Selolwane nyumbani kwake Shoshong, alale ndani mwake usiku wa mwisho na azikwe Jumamosi alfajiri, kama ilivyo desturi yetu. Marehemu aliugua kwa muda mrefu, na miezi yake ya mwisho alikaa mjini kwa dada yake Gaone, kwa sababu pale ni karibu na hospitali. Mkewe alibaki kijijini na nyumba na mbuzi, akija kumwona kila alipopata usafiri. Hawakujaliwa mtoto. Kwa watu wenye midomo hayo yalitosha: mume kamkimbia mkewe. Gaone mwenyewe alisema hivyo waziwazi, akataka msiba ukae kwake. Mjomba wa marehemu, Rra Motlhabane, ndiye aliyekata shauri: mwanamume huzikwa kutoka katika nyumba aliyoijenga. Gaone akanyamaza, lakini kunyamaza kwa Gaone si kukubali.

Kila mtu pale alijua uzito wa usiku huo. Mwanamke asiye na mtoto, ambaye mumewe hakulala kwake usiku wa mwisho, kesho ataulizwa anakaa katika nyumba hiyo kama nani. Mma Selolwane alijua kuliko wote. Tulipoingia uani alikuwa amekaa kwenye godoro chumbani, kama inavyompasa mjane, na kupitia dirishani nilimwona akilitazama gari letu na si kitu kingine.

Sasa, mjomba hakuwa amefika. Alikuwa malishoni kwake, na pikapu yake ilikuwa imekwama mchangani. Bila mjomba marehemu hashushwi, kwa hiyo tukangoja. Nanyi mnaijua sheria ya kampuni yetu ya siku zile: taa kubwa hazizimwi mpaka marehemu aingie ndani, kwa heshima. Injini inazimwa watu wakianza kuimba, nayo ni kwa heshima. Na gari lenye marehemu halikai bila kufungwa, hiyo pia kwa heshima. Rra Morapedi akafanya yote matatu. Akawasha taa, akazima injini, akashuka, akabofya kitufe, milango ikajifunga. Gari lenyewe lilikuwa jipya kwetu, la kwanza lenye kufunguliwa kwa kitufe badala ya ufunguo wa chuma, na sote tulilionea fahari.

Wimbo ukafuata wimbo. Upepo wa Agosti ukatujaza vumbi mpaka kwenye meno. Mjomba alipofika hatimaye, ameshikilia fimbo yake na kofia imejaa mchanga, taa za gari zilikuwa zimefifia mpaka zimezimika, na hakuna aliyeangalia, kwa kuwa wote tulikuwa tumefumba macho katika sala. Mchungaji akasema amina. Wabebaji wakajipanga nyuma ya gari. Rra Morapedi akabofya kitufe.

Kimya. Akabofya tena. Akazunguka, akavuta mlango wa dereva, akavuta wa nyuma. Wabebaji wakatazamana. Watu wa uani, ambao hawapitwi na kitu msibani, wakaacha kupepesa macho.

Gaone hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma tangazo: "Mmeona wenyewe. Kaka yangu anagoma kushuka hapa."

Sijui kama mmewahi kusikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Hata mimi nisingeshuka." Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, mwenye nyumba anasikia." Ni kweli alisikia. Nilipotazama dirishani, Mma Selolwane alikuwa amejifunika shali usoni.

Vijana wakataka kuvunja kioo. Mmoja alikwisha kuokota jiwe. Hapo ndipo Rra Morapedi, mtu mwenye mwendo wa kobe, alipokwenda haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Akasimama kati ya jiwe na gari, akavua kofia. "Weka chini, mwanangu," akasema. "Ukivunja kioo, itasemwa hadi kwa wajukuu zako kwamba Selolwane aliingizwa kwake kwa nguvu."

Kisha akamgeukia mjomba, kwa sababu kwetu huzungumzi na umati wakati mjomba yupo. Alisema kwa sauti ya kuwafikia waliokuwa jikoni kwenye masufuria.

"Mjomba, marehemu hajagoma. Kosa ni langu. Nimeacha taa zikiwaka na injini imezimwa, betri imekufa. Gari hili milango yake inategemea betri. Mimi ndiye dereva, mimi ndiye niliyepaswa kujua, na nimewaaibisha mbele ya marehemu wenu. Nipigeni faini mnayotaka. Ila msimsingizie maiti jambo nililolifanya mimi."

Mjomba akaegemea fimbo yake. "Umezeeka katika kazi hii, halafu unaua betri?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi fungua."

Ndani ya kile kidude cha plastiki chenye kitufe mlikuwa na kijifunguo cha chuma kilichojificha. Rra Morapedi akakichomoa. Kwenye kishikio cha mlango wa dereva, tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki cha rangi ya gari, usichoweza kukiona kama hukuambiwa. Akakibandua kwa ncha ya kisu cha wapishi. Nilidhani sasa atafungua tumalize. Badala yake akautandaza mkono wake, kijifunguo kikiwa juu ya kiganja, kumwelekea Gaone.

"Mma," akasema, "wewe ndiye dada yake. Mfungulie wewe."

Gaone alikuwa mwanamke mwenye kiburi, na nasema hivyo kwa mapenzi kwa kuwa tulisoma pamoja. Angeweza kukataa. Lakini ukikataa kumfungulia kaka yako mlango mbele ya mjomba wako, utasema nini baadaye? Akaja. Akatia ufunguo, haukuzunguka. Vumbi la Shoshong lilikuwa limeingia hata humo. Nikaona bega lake likianza kugeuka, apate kusema mnaona, lakini Rra Morapedi alikwisha kumwita msichana wa jikoni alete mafuta ya kupikia. Akadondosha tone moja. "Polepole, Mma. Usilazimishe. Peleka kulia, rudisha, peleka tena."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka mkononi mwa Gaone mwenyewe.

Huo ulikuwa mlango wa dereva tu, maana wa nyuma hauna tundu. Rra Morapedi akaingiza mkono, akavuta kishikio cha boneti, na pikapu ya mjomba, ileile iliyotuchelewesha, ikasogezwa pua kwa pua. Wakaunganisha betri mbili kwa nyaya. Hatua kwa hatua alikuwa akimweleza mjomba anachofanya, na mjomba akiwarudia watu kama mtangazaji: sasa anaunganisha nyekundu, sasa anaunganisha nyeusi. Hata watoto walielewa kwamba hapa hakuna muujiza. Taa zikarudi. Akabofya kitufe, na mlango wa nyuma ukaachia kwa ule mlio wake mdogo.

Mjomba akagonga ardhi kwa fimbo. "Selolwane, umefika kwako. Ingia." Akaingizwa, akalala kwake, akazikwa alfajiri. Gaone alitembea mbele ya jeneza.

Jumatatu meneja wa wakati ule alimwita Rra Morapedi ofisini, nami nikasikia, kwa sababu ukuta wa chumba cha ushonaji ni mbao. "Kwa nini ulijishtaki mbele ya kijiji kizima? Ungesema betri ni mbovu. Ungesema hata sheria ya taa ni yetu sisi." Jibu lake ndilo lililonifanya nikubali kuandika karatasi hii. "Ningesema betri mbovu," alisema, "yule dada angeniuliza kwa nini imekufa hapo na si mahali pengine, na nisingekuwa na jibu. Lakini mtu akisema nimekosa, wewe utambishia nini?"

Alisimamishwa kazi mwezi mzima. Aliukaa malishoni, akarudi mnene. Hakulalamika, nasi hatukumtetea vya kutosha, na hilo linanisuta hadi leo. Aliporudi, alikuta sheria ya taa imefutwa bila tangazo, na yeye akaongeza yake: dereva mpya, kabla ya kuonyeshwa usukani, anaonyeshwa tundu la ufunguo lilipojificha na kuambiwa aufungue mlango kwa mkono, akiwa amefumba macho. Wote mlioajiriwa baada ya hapo mmepitia mtihani huo. Wengine mlifeli mara mbili.

Nimefanya kazi na watu hodari. Wengi wao, kitu kikiharibika, hutafuta haraka ni nani mwingine aliyekuwa karibu. Nimefanya hivyo mimi pia, na uzi ukikatika bado nasema ni cherehani. Ndiyo maana siku ile imenikaa. Rra Morapedi aliona kwamba lawama lazima impate mtu, na kwamba aliye karibu zaidi nayo ni mwanamke aliyefunikwa shali, asiyeruhusiwa kutoka nje kujitetea. Akaichukua yeye. Ilimgharimu mshahara na jina zuri kwa mwaka mzima, na watoto wa Shoshong walimwita Betri mpaka walipoanza kuota ndevu.

Wiki iliyopita nilikwenda Shoshong kumwalika Mma Selolwane kwenye sherehe hii. Nilimkuta anapaka ukuta wa ua udongo mpya. Goti halimruhusu kusafiri, alisema, nikamwuliza kama ana neno la kumtumia mstaafu wetu. Alinawa mikono kwanza. Kisha akasema, "Mwambie bado nakaa humu. Wifi yangu huja Jumapili tunywe chai, na akifika getini hupiga hodi, husubiri mpaka niseme karibu."

Rra Morapedi, abiria wako hawakupata nafasi ya kukushukuru, kwa hiyo tunafanya hivyo kwa niaba yao na kwa niaba yetu. Asante kwa matuta yote. Mke wako na ng'ombe wako sasa wana zamu yao. Kaa nyumbani kwako kwa afya na amani, na kila ajaye apige hodi.